Halloween ndani ya parke za michezo: namna ya kupanga konje ya mwezi wa kumi

Kila mwaka, mwezi wa kumi ukianza tu, picha zinaanza kuingia ku telefone zetu. Mjukuu aliyetoka kambi ya Nyarugusu akiwa mtoto wa miaka sita, leo ni kijana mrefu kule Ohio. Amevaa meno ya bandia, rangi nyekundu inamtoka mdomoni kama damu, amesimama mbele ya mlango uliojaa mafuvu, na anacheka. Bibi yake, hapa kwetu kando ya ziwa, anasogeza telefone karibu na macho, anaangalia kimya, halafu anauliza: «Huyu mutoto ni mugonjwa ao?»

Si mgonjwa. Yuko ku Halloween, ndani ya parke ya michezo, na wazazi wake wamelipa pesa nyingi ili atishwe. Ku studio tunapokea maulizo juu ya jambo hili kila mwaka, kutoka hapa na kutoka kwa ndugu walio Marekani, Ubelgiji na Ufaransa ambao wanasoma ukurasa huu. Wa hapa wanauliza: ni kitu gani? Wa kule wanauliza: ni bei gani, twende wakati gani, na watoto wadogo tuwapeleke ao tuwaache? Tumekusanya majibu pamoja.

Sikukuu yenyewe imetoka wapi

Halloween inaangukia tarehe 31 ya mwezi wa kumi, usiku unaotangulia sikukuu ya Watakatifu Wote, ile tunayoita Toussaint. Jina lake ni Kiingereza cha zamani, maana yake ni mkesha wa Watakatifu. Lakini mizizi yake inaenda mbali zaidi, kwa Waselti wa Ireland na Scotland. Wao walikuwa na sikukuu ya Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, na waliamini kwamba usiku ule roho za wafu zinaweza kupita kati ya watu. Njaa kubwa ya viazi ilipoanza Ireland mwaka 1845, watu wengi sana walikimbilia Marekani na wakabeba desturi zao. Kwao walikuwa wanachonga sura za kutisha ndani ya mizizi ya shambani. Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na laini, wakahamia huko. Ndiyo sababu kila picha ya Halloween ina boga lenye macho na meno.

Sisi pia tuna siku ya wafu wetu. Tarehe 1 mwezi wa nane, Siku ya Wazazi, asubuhi tunaenda kukata majani ku makaburi, na mchana tunakula na wazazi ambao bado wako wazima. Watu wa kule wanajenga makaburi ya uongo mbele ya nyumba ili kuchekesha majirani. Bibi akishangaa, tusimcheke.

Namna parke zilivyoingia

Mtu anaweza kufikiri ni desturi ya zamani sana, kumbe ni biashara ya juzi. Yote ilianza ku Knott's Berry Farm, Buena Park, jimbo la California. Mahali pale palikuwa shamba la matunda la Walter Knott, na mke wake Cordelia alikuwa anauzia wasafiri kuku wa kukaanga. Baadaye bwana Knott akajenga mji wa mfano wa siku za wachimba dhahabu, na pole pole shamba likageuka parke. Mwaka 1973, mwezi wa kumi, wakajaribu usiku tatu tu za vitisho: wafanyakazi wakavaa kama mazimwi, wakajificha ndani ya ule mji wa mfano. Watu wakajaa. Hadi leo Knott's Scary Farm inafanyika kila mwaka.

Hesabu ya biashara ni rahisi kuelewa. Parke inajaa wakati wa konje kubwa, mwezi wa saba na wa nane. Watoto wakirudi shule, inabaki tupu, na mitambo inalala. Halloween ilileta watu katika miezi ile ya njaa. Universal Studios ya Orlando, Florida, ikafuata mwaka 1991, nayo ikaanza na usiku tatu na nyumba moja ya vitisho. Mwaka 2025 Halloween Horror Nights, ndilo jina lake, ilikuwa na usiku 48, kuanzia tarehe 29 mwezi wa nane mpaka tarehe 2 mwezi wa kumi na moja. Disney walianza mwaka 1995 na jioni moja tu ku Magic Kingdom, palepale Orlando. Mwaka 2024 walifungua jioni ya kwanza tarehe 9 mwezi wa nane. Sikukuu ya siku moja imekuwa na miezi mitatu! Lakini kwa ninyi munaopanga safari, hiyo ni habari njema: hakuna anayewalazimisha kwenda tarehe 31.

Kwanza mujue munaenda ku Halloween gani

Hapa ndipo familia nyingi zinakosea. Wanasikia neno Halloween, wananunua tiketi, halafu wanakuta si ile waliyofikiri. Kuna aina mbili.

Ya kwanza ni ya familia. Ku Magic Kingdom inaitwa Mickey's Not-So-Scary Halloween Party, maana yake sikukuu isiyotisha sana, na ni kweli haitishi. Watoto wanavaa nguo za kujigeuza, wanapita na mfuko kupokea pipi bure, kuna gwaride, kuna fataki. Ku Disneyland ya California kuna Oogie Boogie Bash, tangu 2019, ambayo tiketi zake zinaisha haraka sana. Watu wanapanga mstari ku intaneti siku ya kwanza ya kuuza, kama vile wanangojea gari la mafuta. Mtoto wa miaka minne anaweza kwenda huko na akalala vizuri.

Ya pili ni ya watu wakubwa. Halloween Horror Nights na Knott's Scary Farm ziko hapa. Munatembea ndani ya nyumba nyeusi zilizojengwa kama sinema: maiti za plastiki, harufu, moshi, taa zinazowaka na kuzimika haraka, na watu wenye maski wanatokea ghafla ukutani. Hata nje, katika njia za parke, kuna maeneo ambamo waigizaji wanawafuata watu na misumeno ya mota iliyoondolewa minyororo. Parke zenyewe zinasema kwamba haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Waigizaji hawaruhusiwi kukushika, hiyo ni sheria ya parke nyingi, lakini wanaweza kukaribia mpaka usikie pumzi yao.

Nguo pia zinatofautiana. Ku sikukuu ya Disney hata baba anaweza kuvaa kama mfalme, ila mwenye miaka 14 na zaidi haruhusiwi kufunika uso na maski. Ku Halloween Horror Nights hakuna mgeni anayeruhusiwa kuvaa nguo za kujigeuza wala maski. Sababu inaeleweka: ikiwa wote wamefunika nyuso, nani atajua mwigizaji na nani atajua mwizi? Ukifika pale umevaa kama zimwi, utarudishwa ku gari kubadilisha.

Makuta

Sasa tuongee bei, kwani hapo ndipo mambo yanaumiza. Tiketi ya parke ya kawaida, ya mchana, haikuruhusu kubaki usiku ku sikukuu hizi kubwa za Orlando. Ni tiketi nyingine, mbali. Jioni ya Disney ikifika, mwenye tiketi ya mchana peke yake anaombwa kutoka saa kumi na mbili.

Mwaka 2024 tiketi ya Disney ilikuwa kati ya dola 119 na dola 199 kwa mtu mzima, kulingana na tarehe, na mtoto wa miaka 3 mpaka 9 alilipa dola 10 chini. Tufanye hesabu ya baba, mama na watoto watatu. Wakienda mwezi wa nane kwa bei ya chini: dola 565. Wakienda tarehe 31 yenyewe: dola 965, bila kodi. Sikukuu ni ileile, pipi ni zilezile, fataki ni zilezile. Tofauti ni dola 400. Mtu anayetuma pesa ya shule huku kila mwezi anajua dola 400 ni nini.

Kuna jambo moja linaloweza kuwaokoa: tiketi ya sikukuu ya Disney inakuruhusu kuingia tangu saa kumi ya mchana, ingawa sikukuu inaanza saa moja ya jioni. Kwa hiyo siku ile usinunue tiketi ya mchana. Asubuhi watoto wapumzike, waogelee ku hoteli, wale vizuri, halafu saa kumi muingie. Mutakaa ndani mpaka saa sita ya usiku. Ni saa nane nzima.

Universal walianza na bei ya dola 82.99 mwaka 2024 kwa usiku wa bei ndogo, na siku za posho za mwezi wa kumi zinapanda sana. Usiku unaanza saa kumi na mbili na nusu ya jioni na unaenda mpaka saa nane ya usiku. Kuna nyumba kumi, na ku siku ya posho mstari wa nyumba moja unaweza kupita saa nzima. Fanya hesabu mwenyewe, hutaziona zote. Wanauza karatasi ya kupita mbele ya mstari, ambayo mara nyingi bei yake inapita ya tiketi yenyewe. Mimi siwezi kumshauri mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba ainunue. Afadhali kuchagua siku ya tatu, ya ine ao yenga, wiki za mwanzo za mwezi wa tisa, wakati watu bado kidogo. Tena mwenye tiketi ya mchana ya parke ileile, pamoja na ile ya usiku, anaweza kungojea ndani wakati parke inafungwa, na anaanza nyumba za kwanza kabla milango ya nje haijafunguliwa.

Musisahau mambo madogo: kuacha gari ku parke kubwa za Orlando ni karibu dola 30, na chupa ya maji inauzwa kama bia. Hoteli za Kissimmee, upande wa kusini, mara nyingi ni bei nafuu kuliko zile zilizo ndani ya Disney.

Na kuna upepo. Florida ina majira ya vimbunga kuanzia tarehe 1 mwezi wa sita mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo Halloween yote iko ndani yake. Mwaka 2024, tarehe 9 mwezi wa kumi, kimbunga Milton kilipiga Florida na parke zote kubwa za Orlando zilifunga. Sikukuu za usiku zikafutwa. Kabla ya kulipa ndege na hoteli, soma vizuri kama pesa inarudi wakati wa kimbunga. Hoteli ya rahisi isiyorudisha pesa inaweza kuwa ya bei kali kuliko zote.

Si lazima Florida

Ndugu zetu wengi hawaishi karibu na Florida. Wako Ohio, Kentucky, Texas, Iowa, Arizona. Na watoto wakisikia shuleni kwamba rafiki ameenda Disney, nyumbani kunakuwa kilio. Lakini angalia ramani kwanza.

Mtu wa Dayton ana Kings Island, mji wa Mason karibu na Cincinnati, chini ya saa moja kwa gari. Juu kabisa, kando ya ziwa Erie, kuna Cedar Point ya Sandusky, ambayo HalloWeekends yake imefanyika tangu 1997. Mtu wa Dallas ao Fort Worth ana Six Flags Over Texas, ambayo iko Arlington, katikati ya miji hiyo miwili, na Fright Fest yake. Parke hizi zina utaratibu mwingine: mara nyingi tiketi ya kawaida inakuruhusu kuona Halloween ya mchana na waigizaji wa usiku barabarani, na malipo ya mbali ni ya nyumba za vitisho tu. Mchana kuna michezo ya watoto, maboga, pipi. Usiku ukiingia, ndio mazimwi wanatoka. Familia yenye watoto wadogo inaingia asubuhi, inatoka kabla ya giza, na imeona Halloween yake bila ndege wala hoteli.

Tena kuna ujanja ambao majirani Wamarekani wanaujua na sisi tunachelewa kuujua: karata ya mwaka mzima. Parke nyingi za aina hii zinaanza kuuza karata ya mwaka ujao mwishoni mwa mwezi wa nane ao mwezi wa tisa, na ukiinunua wakati ule inafungua mlango hata kwa siku zilizobaki za mwaka huu. Familia inaenda Halloween, inaenda Noeli kama parke inafunguliwa, halafu inaenda tena konje yote kubwa. Kwa watu watano, mara nyingi ni nafuu kuliko tiketi za siku mbili.

Angalizo kwa wazazi wanaofanya kazi usiku na kutuma mtoto mkubwa awaangalie wadogo. Siku hizi parke nyingi zinadai kwamba kijana wa miaka 15 ao chini yake awe na mtu mzima wa miaka 21 ao zaidi, hasa jioni. Yaya wa miaka 17 hatoshi. Atarudishwa mlangoni pamoja na wadogo zake, na tiketi mkononi.

Na baridi! Usiku wa Ohio mwishoni mwa mwezi wa kumi si usiku wa Uvira. Koti, kofia, soksi za pili.

Wale wa Ubelgiji na Ufaransa

Huko mambo ni mepesi kidogo, kwani Halloween inaangukia pamoja na konje ya Toussaint. Ufaransa inatoa wiki mbili. Ubelgiji upande wa shule za Kifaransa, tangu 2022, nayo inatoa wiki mbili. Upande wa Waflamand ni wiki moja, ile yenye tarehe 1 mwezi wa kumi na moja. Maana yake: ile wiki ambayo wote wako nyumbani, parke zinafurika. Kama watoto wako wanasoma Kifaransa ku Brussels, tumia wiki ambayo Waflamand bado wako darasani.

Walibi ya Wavre, iliyofunguliwa mwaka 1975, ndiyo inajulikana zaidi kwa vijana wetu wa Brussels na Liège. Haihitaji gari, kuna kituo cha treni chenye jina lake, Bierges-Walibi. Kutoka Brussels unabadilisha treni Ottignies. Halloween yake inavuta vijana zaidi, na kabla ya kununua uangalie kama nyumba za vitisho zinalipwa mbali. Kwa watoto wadogo Plopsaland ya De Panne inafaa zaidi.

Disneyland Paris ina msimu wake wa Halloween tangu mwanzo wa mwezi wa kumi, na uzuri wake ni kwamba gwaride na mapambo ya mchana yamo ndani ya tiketi ya kawaida. Kutoka katikati ya Paris ni treni ya RER A mpaka kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, na mlango wa parke uko hapohapo.

Kwa mtu wa hapa ambaye watoto wake wa Ulaya wamemwalika awatembelee wakati ule, viza ya Schengen inaombwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Bei ni euro 90 kwa mtu mzima tangu mwezi wa sita 2024, na pesa hairudi ukikataliwa. Siku 15 ni za karatasi tu. Kwa kweli, anayetaka kuwa Brussels ku Toussaint aanze mwezi wa sita.

Jambo ambalo parke haziandiki

Sasa nifike ku jambo ambalo lilinifanya niandike habari hii.

Mama mudogo wa familia yangu anaishi Kentucky. Miaka michache iliyopita, kazini walimpa tiketi za parke moja, yeye na watoto wanne. Hakuuliza sana, tiketi ya bure ni baraka. Walikwenda usiku. Walipofika ku njia yenye moshi, mtu mwenye maski akatoka pembeni na msumeno wa mota unaunguruma. Watu wote wakapiga kelele na kucheka. Mama mudogo hakucheka. Alishika watoto wawili kwa mikono, akaacha wengine wawili, akakimbia mpaka ku uzio, kiatu kimoja kikabaki njiani. «Nilijua ni muchezo, balinielezea,» aliniambia ku telefone. «Lakini magulu ilikimbia. Na nilikamata babili tu. Babili niliacha.»

Hao wawili walikuwa salama, walikuwa wanacheka pamoja na watoto wengine. Lakini yeye hakulala usiku tatu, na neno lile, nimewaacha wawili, alilirudia mara nyingi. Mwaka 1998, wakati wa kukimbia kuvuka ziwa, aliachana na mtoto wa dada yake kwa siku kumi na moja.

Wengi waliotoka kwetu wamebeba mambo ya namna hii. Kelele za mota, watu wenye nyuso zilizofunikwa, giza, mlio kama wa risasi, kukimbia pamoja na umati: parke inavitumia vyote kwa sababu kwa mtu aliyekulia kwenye amani vinaleta raha. Kwa mwingine vinafungua mlango ambao aliufunga kwa shida. Si woga, wala si ushamba. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hakuona vita, anaweza kufurahia kabisa, na mama yake pembeni anatetemeka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulizane ndani ya nyumba. Si kuuliza «Unaogopa?», kwani hakuna kijana atakayejibu ndiyo. Waonyeshe video za parke ile usiku, ziko nyingi ku YouTube, zenye sauti kubwa, na uangalie nyuso zao. Anayeondoka kwenda kunywa maji, usimlazimishe. Anaweza kukaa na wengine mchana. Kama mumeshaingia, kila nyumba ya vitisho ina wafanyakazi na milango ya kutokea njiani. Ukimwambia mfanyakazi kwamba unataka kutoka, anakutoa. Parke kadhaa zinauza mkufu unaong'aa ambao waigizaji wakiuona wanakuacha. Na kama watu wa nyumba yenu mumetawanyika wakati fulani wa maisha yenu, mupange mahali pa kukutana kabla ya kuingia, tena muwaambie watoto mara mbili.

Upande wa mwili pia: moshi unasumbua wenye pumu, taa za kuwaka haraka ni hatari kwa wenye kifafa, na wenye mimba wanashauriwa kubaki nje.

Moto wa 1984

Watu wanauliza kama nyumba hizi zenyewe ni salama. Leo, ndani ya parke kubwa, zinasimamiwa vikali, na kuna sababu ya huzuni. Tarehe 11 mwezi wa tano 1984, ku Six Flags Great Adventure, Jackson, New Jersey, nyumba ya vitisho iliyoitwa Haunted Castle iliungua na vijana nane wakafa. Ilijengwa kwa makontena ya magari yaliyounganishwa, bila mabomba ya kumwaga maji moto unapotokea. Inaaminika kwamba kijana mmoja aliwasha kibiriti cha gesi ili aone njia katika giza, na moto ukashika sponji ya ukutani. Baada ya hapo sheria za majengo ya namna ile zilikazwa Marekani: mabomba ya maji, kengele za moshi, alama za kutokea. Lakini zile nyumba ndogo za vitisho zinazofunguliwa mashambani ao katika magodauni kwa wiki chache hazina wote mkono wa parke kubwa. Ukiingia huko, tafuta kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Na usiwashe kitu ndani, hata ikiwa ni telefone peke yake wataikataza.

Kanisa linasema nini

Makanisa yetu ya huko yamegawanyika. Wachungaji wengine wanakataza kabisa, wanasema ni kucheza na pepo. Wengine wanawaachia wazazi. Makanisa mengi ya Marekani yenyewe yanafanya jioni ya pipi ndani ya uwanja wa kanisa, magari yamepangwa mstari, na kila gari linagawa pipi kutoka nyuma. Familia inayoona haya kwenda parke, ao isiyo na pesa, inaweza kuanzia huko. Ni bure.

Mama mudogo, mwaka uliofuata, alirudi ku parke ileile. Mchana, siku ya yenga, nyuma ya ibada. Watoto walivaa mabawa ya vipepeo aliyoyashona mwenyewe kwa kitambaa cha kitenge kilichobaki. Walitoka saa kumi na moja, jua likiwa bado juu. Alinitumia picha: watoto wanne mbele ya rundo la maboga, wote wanne ndani ya picha.